Kifaru kimoja, karakana mbili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ukarabati wa Abrams

Kifaru cha Abrams unachokiona leo kwenye picha, kikiwa na rangi mpya na skrini mpya ndani, mara nyingi bodi lake lilichomelewa zaidi ya miaka 30 iliyopita. Kati ya siku ile na leo kimepita kwenye mikono ya watumishi wa serikali kusini mwa Marekani na mikono ya wafanyakazi wa kampuni binafsi kaskazini, mikono isiyolipwa na mwajiri mmoja. Maswali yaliyo hapa chini ni yale watu wanayouliza kila mazungumzo yanapofika kwenye jambo hilo: inakuwaje serikali na kampuni wanafungua na kufunga mashine ileile bila kugombana? Jibu fupi ni kwamba wanagombana. Kinachouokoa mradi ni kuandika mapema, kwa maneno yasiyo na utata, nani ana dhamana ya nini, kuanzia bodi zima hadi nati ya mwisho.

AIM ni nini?

Ni kifupi cha Abrams Integrated Management, mpango wa jeshi la nchi kavu la Marekani ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 wa kuvifanyia vifaru vya M1A1 Abrams ovaholi kamili, hadi vihesabike kama vina kilomita sifuri. Kifaru hakitengenezwi pale kilipoharibika tu. Kinafunguliwa chote, kila kipande kinapimwa, kinakarabatiwa au kinatupwa, kisha kinaunganishwa upya kwa viwango vya kiwandani. Matoleo yaliyofuata, kama M1A2 SEPv3, yamepita njia hiyohiyo, ila humo kifaru cha zamani kinatoka kikiwa cha toleo jingine kabisa.

Kwa nini wasinunue vipya tu?

Kwa sababu mabodi wanayo tayari. Abrams wa kwanza alitoka kiwandani Lima, Ohio, mwezi Februari 1980, na vita baridi ilipokwisha Marekani ilibaki na maelfu ya vifaru. Tangu miaka ya 1990 jeshi la nchi kavu halijategemea mabodi mapya kwa ajili ya vikosi vyake. Linachukua kifaru kilichopo, linakivua, linakijenga upya. Chuma kizito cha bodi kinadumu. Kinachochoka ni injini, giaboksi, waya, oili sili, vifaa vya macho ya mpiga mzinga, na kila kitu cha elektroniki.

Nani anafanya nini?

Hapa ndipo penye uhondo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kifaru kinafika kwa reli kwenye karakana kuu ya jeshi ya Anniston, jimbo la Alabama. Hii ni mali ya serikali, inaongozwa na kanali, na mafundi wake wengi ni raia walioajiriwa na serikali. Winchi inaunyanyua mnara wa mzinga, ile sehemu ya juu inayozunguka, na kuutenga na bodi. Injini na giaboksi hutoka pamoja kama pakiti moja, maana Abrams aliundwa hivyo tangu mwanzo ili fundi aliye uwanjani asihangaike. Minyororo inavuliwa, magurudumu yanatolewa, waya zinachomolewa. Kinachobaki ni sanduku la chuma, nalo hupigwa chembe za chuma kwa presha mpaka rangi yote, kutu na mchanga wa jangwani viondoke. Chuma kikishabaki kitupu, nyufa hazina pa kujificha.

Anniston inakarabati bodi, mnara na sehemu nyingi za ndani, kisha inavisafirisha hadi Lima. Kiwanda cha Lima nacho kina sura mbili: majengo na mitambo ni ya serikali, lakini anayekiendesha ni kampuni, General Dynamics Land Systems. Hao ndio wanaounganisha kila kitu, wanaweka mifumo mipya, wanajaribu, wanakabidhi. General Dynamics waliingia kwenye kazi hii mwaka 1982 waliponunua kitengo cha ulinzi cha Chrysler, kampuni iliyoshinda zabuni ya Abrams mwaka 1976.

Juu ya wote hao ipo ofisi ya meneja wa mradi wa jeshi, iliyoko Warren, Michigan. Makao makuu ya General Dynamics Land Systems yako Sterling Heights, mji unaopakana na Warren. Watu wanaoandikiana barua kali za mikataba wanaweza kukutana asubuhi kwenye foleni moja ya magari. Ujirani huo una faida kubwa kuliko inavyodhaniwa: suala ambalo lingekaa wiki tatu kwenye barua linaweza kumalizwa kwa kikao cha saa moja.

Kwa nini serikali isiiachie kampuni kazi yote?

Sheria hairuhusu. Kifungu cha 2466 cha sheria zinazosimamia majeshi ya Marekani kinasema kila jeshi lisitumie zaidi ya asilimia 50 ya fedha zake za matengenezo makubwa ya mwaka kwa wakandarasi. Kifungu kingine, 2464, kinaitaka serikali ibaki na uwezo wake wa msingi wa kutengeneza silaha, ili vita ikizuka isije ikajikuta mikononi mwa mfanyabiashara.

Kwa upande mwingine, karakana ya serikali haina michoro yote wala wahandisi walioibuni mashine. Ndiyo maana upo pia kifungu cha 2474, kinachoziruhusu karakana za jeshi zilizotambuliwa kuwa vituo vya umahiri kuingia ubia na kampuni. Anniston imetambuliwa hivyo kwa magari ya minyororo. Watu husema ubia huu ulizaliwa na falsafa ya ushirikiano. Mimi naamini ulizaliwa na hesabu: kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho, na sheria ikawazuia kuachana.

Je, Anniston inalipwa na General Dynamics?

Hapana, na huu ndio uzi wa kushika ukitaka kuuelewa mradi. Katika mgawanyo huu wa kazi, ofisi ya mradi inailipa Anniston moja kwa moja, na inailipa kampuni kwa mkataba wake peke yake. Hakuna aliye mkandarasi mdogo wa mwenzake.

Sasa fuatilia kinachotokea. Bodi likitoka Anniston kwenda Lima, kwa kampuni hilo ni kifaa kilichotolewa na serikali. Mkataba unasema serikali itakileta tarehe fulani kikiwa katika hali fulani. Kikichelewa, au kikifika na kasoro, aliyevunja ahadi mbele ya kampuni ni serikali yenyewe, na kampuni ina haki ya kudai muda wa nyongeza, fedha, au vyote viwili. Meneja wa mradi anajikuta yeye ndiye mteja wa General Dynamics na, papo hapo, ndiye anayewapelekea mali. Hawezi kuigombeza kampuni kwa ucheleweshaji ulioanzia kwenye karakana ya jeshi lake.

Kwa hiyo kipuri kikichelewa, nani analaumiwa?

Inategemea kimeandikwa kwenye orodha ya nani. Kabla kifaru cha kwanza hakijaguswa, lazima iwepo orodha inayotaja kila kipuri na mwenye jukumu la kukileta: kampuni, Anniston, au ghala la taifa la vifaa vya jeshi. Katika mfumo wa Marekani kila kifaa kina namba ya tarakimu 13, na namba hiyo ndiyo inayofuatiliwa kwenye orodha. Mahali penye mwanya, pale ambapo kila mmoja alidhani mwenzake ataagiza, ndipo mstari mzima unaposimama.

Msomaji aliyewahi kupeleka gari gereji anaijua hali hii. Fundi anasema anasubiri spea, wewe unadhani spea ananunua yeye, yeye anadhani unaleta wewe, na gari linakaa juu ya mawe mwezi mzima. Tofauti ni kwamba hapa gari lina uzito wa zaidi ya tani 60 na nyuma yake kuna foleni ya mengine.

Meneja mzuri haendi kwenye kikao cha mwezi kuuliza kama mambo yanaenda vizuri. Anaenda na orodha ya vipuri vyote vitakavyohitajika baada ya siku 60 na ambavyo bado havijafika ghalani. Sijui njia nyingine ya haraka kuliko hiyo ya kujua kama ratiba ni ya kweli.

Kikifunguliwa na kukutwa na ubovu usiotarajiwa?

Hutokea kila siku. Vifaru viwili vya mwaka mmoja havichoki sawa. Kimoja kilikaa Ulaya kikiendeshwa kwenye baridi na matope, kingine kilikimbia jangwani Irak. Chukulia ufa mwembamba kama unywele kwenye mshono wa kuchomelea, nyuma ya mahali panapofungwa mkono wa gurudumu. Hauonekani mpaka rangi yote itoke. Mkaguzi anauzungushia alama, anaandika fomu, na swali linaanza: je, kuuchomelea upya ni sehemu ya bei tuliyokubaliana?

Mgawanyo wa Anniston na Lima unasaidia sana hapa. Ubovu uliojificha unagunduliwa upande wa serikali, kabla kifaru hakijafika kwa kampuni. Karakana ya jeshi hutoza kwa viwango vya saa za kazi kupitia mfuko wake wa mzunguko, kwa hiyo inaweza kuumeza mshtuko wa aina hii bila mkataba kufunguliwa upya. Kampuni nayo inapokea bodi ambalo hali yake inajulikana, hivyo inaweza kukubali bei isiyobadilika. Kama ningeulizwa jambo moja la kuigwa kutoka mradi huu, ningetaja hili: kazi isiyojulikana mwisho wake apewe mwenye uwezo wa kuibeba, na anayetakiwa kutoa bei thabiti apewe kazi inayopimika.

Hizo "timu za pamoja" zinafanya nini hasa?

Mwaka 1995 Waziri wa Ulinzi William Perry aliagiza wizara yake iendeshe miradi kwa timu zinazochanganya fani: wahandisi, wanunuzi, wahasibu, watu wa majaribio, watu wa vipuri, na mwakilishi wa askari watakaokitumia chombo. Kwenye mradi kama wa Abrams watu wa kampuni nao wanakaa mezani.

Timu inaweza kuchunguza tatizo, kupendekeza, kukubaliana juu ya ratiba. Haiwezi kubadili mkataba. Mwenye mamlaka hayo ni ofisa wa mikataba wa serikali peke yake, kwa maandishi. Mhandisi wa jeshi akimwambia fundi wa kampuni, kwa nia njema kabisa, "hapo ongezeni na kile kibati cha kinga", amemwagiza afanye kazi isiyo na malipo, au ameiingiza serikali kwenye deni ambalo hakuna aliyeliidhinisha. Urafiki wa mezani ni mzuri, ila kila kikao kifungwe kwa kuandika nani amekubali nini na nani anapeleka kwa ofisa wa mikataba.

Fedha zinatoka fungu gani?

Zinatoka mafungu tofauti, na hayachanganywi. Fedha za uendeshaji na matengenezo hudumu mwaka mmoja wa fedha, za utafiti na majaribio miaka 2, za ununuzi miaka 3. Kukirudisha kifaru kilivyokuwa ni matengenezo. Kukiongezea uwezo ambao hakikuwa nao ni ununuzi. Kwenye sakafu ya karakana kazi hizo mbili zinafanywa na fundi yuleyule siku ileile, lakini kwenye vitabu zimetenganishwa na ukuta. Mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani unaanza 1 Oktoba, na Congress, yaani Bunge la Marekani, isipopitisha bajeti kwa wakati, serikali huendeshwa kwa fedha za muda na miradi mipya hairuhusiwi kuanza. Meneja anayepanga kuanzisha kazi mpya mwezi Oktoba anajitafutia shida.

Injini nayo inapitia njia hiyohiyo?

Injini ina mpango wake. Abrams anaendeshwa na tabo (turbini) ya gesi, AGT1500, yenye nguvu za farasi 1,500, ndugu wa karibu wa injini za helikopta. Kiwanda kilichokuwa kikiitengeneza huko Stratford, Connecticut, kilifungwa miaka ya 1990, kwa hiyo jeshi linaishi kwa kuzikarabati zilizopo. Mwaka 2005 jeshi na Honeywell waliingia mkataba ulioitwa TIGER. Mafundi wa Anniston wanafanya ovaholi kwa mikono yao, Honeywell wanaleta vipuri, uhandisi na kumbukumbu za kila injini. Lengo lilikuwa kuvusha muda kati ya ovaholi moja na nyingine kutoka saa 700 hadi saa 1,400.

Ninaupenda mfano huu kwa sababu lengo ni namba moja inayoeleweka na wote. Fundi anaweza kuikumbuka, na askari anayaona matokeo yake.

Mchoro ukibadilishwa katikati ya kazi?

Hupita kwenye kamati ya udhibiti wa mabadiliko. Yeyote anaweza kuleta pendekezo, lakini likigusa uzito, usalama, bei au namna kifaa kinavyoingiliana na kingine, serikali lazima iidhinishe. Swali la kuuliza kila mara: badiliko hili linaanzia kifaru namba ngapi? Bila jibu, kikosi kitapokea vifaru vinavyofanana kwa nje huku ndani kila kimoja kina waya zake, na fundi wa kikosi atatafuta hitilafu kwa kitabu kisicholingana na kilicho mbele yake.

Kifaru kinakabidhiwaje?

Baada ya majaribio ya kuendeshwa, mkaguzi wa serikali hukipitia. Hapo Lima wapo wakaguzi wa DCMA, wakala wa wizara ya ulinzi unaosimamia mikataba, na wanakaa kiwandani humohumo. Mkaguzi huwasha, huzima, huzungusha mnara, hupapasa chini kutafuta mafuta yanayovuja. Kasoro zinaandikwa, zinarekebishwa, zinakaguliwa tena. Mwisho kuna karatasi inayoitwa DD 250. Akiisaini, kifaru kimekuwa mali iliyopokelewa na malipo yanaweza kudaiwa. Saini hiyo isitolewe kwa kuhurumia ratiba. Ndani ya kile chuma wataketi watu wanne, na hawatakuwa na nafasi ya kurudi Ohio kulalamika.

Wanasiasa wanaingiaje?

Kwa mlango wa mbele. Mwaka 2012 jeshi lilitaka kusimamisha kazi ya vifaru Lima kwa miaka michache, na mkuu wake wakati huo, Jenerali Ray Odierno, aliliambia Bunge kwamba vifaru vilivyopo vinatosha. Congress ikaongeza fedha kazi iendelee. Wengi waliona ni wabunge kutetea ajira za majimboni kwao. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haimalizi jambo. Mchomeleaji wa chuma cha deraya hapatikani kwa tangazo la wiki moja, na wauzaji wadogo wa vipuri wakifunga milango wengi hawafungui tena. Kusimamisha kuna gharama, na kuanza upya kuna gharama. Meneja anatakiwa azijue zote mbili kabla hajaitwa Washington.

Miradi ya aina hii hushindwa?

Ndiyo, na mfano wa karibu uko Uingereza. Mwaka 2011 Lockheed Martin UK walipewa mkataba wa kuboresha magari ya deraya ya Warrior kwa mnara mpya na mzinga wa milimita 40. Wazo la awali la kuitumia minara ya zamani halikufanikiwa, ikabidi wajenge mipya. Mzinga wenyewe wizara ilinunua kwa mkataba mwingine, kutoka CTA International, kampuni ya pamoja ya BAE Systems na Nexter. Mwezi Machi 2021 serikali iliufuta mradi, baada ya miaka 10, kabla gari hata moja lililoboreshwa halijaingia kazini.

Marekani ina kengele ya kisheria, sheria ya Nunn-McCurdy ya mwaka 1982, inayohusu miradi mikubwa ya ununuzi wa silaha. Gharama ya kila kimoja ikipanda kwa asilimia 15 juu ya makadirio ya sasa, Congress lazima ijulishwe. Ikifika asilimia 25, mradi unahesabiwa kufa mpaka wizara ithibitishe kwa maandishi kwamba unastahili kuishi.

Nchi nyingine hununua vifaru vilivyokarabatiwa hivi?

Hununua. Mwaka 2004 Australia iliamua kuchukua vifaru 59 vya M1A1 AIM, vikaanza kufika mwaka 2006. Mwezi Oktoba 2024 ikatangaza kwamba 49 kati yake itaipa Ukraine. Marekani nayo, Januari 2023, iliiahidi Ukraine vifaru 31 vya M1A2, halafu miezi miwili baadaye ikabadili na kuchagua M1A1 vilivyokuwepo tayari, kwa sababu vingekuwa tayari mapema. Vya kwanza viliwasili Septemba mwaka huohuo.

Uboreshaji unaweza kuendelea hivi milele?

Hapana. M1 wa mwaka 1980 alikuwa na karibu tani 54. M1A2 SEPv3 anakaribia tani 67. Kila badiliko lilikuwa na sababu nzuri: deraya zaidi, mzinga mkubwa zaidi, umeme zaidi. Lakini daraja halijali sababu, na gari la kuvuta kifaru kilichokwama nalo lina kikomo chake. Septemba 2023 jeshi lilitangaza kusitisha toleo lililokuwa likiandaliwa, SEPv4, na kuanza M1E3, kifaru chepesi zaidi, kwa maelezo kwamba Abrams wa sasa hawezi tena kuongezewa uwezo bila kuongezewa uzito. Vifaru vya SEPv3 vinaendelea kutengenezwa kwa kasi ndogo, na mabehewa ya kutoka Alabama kwenda Ohio bado yana kazi.